Helmeti Yenye Nukta Tatu Nyekundu

Haya yalinipata mimi. Sikuyasikia kwa jirani, sikuyaota, na siku hiyo sikuwa na homa. Nayasema mapema kwa sababu najua visa vya namna hii hupokewaje: msomaji anakaa vizuri kitini, anatabasamu, anasema mzee huyu leo ametuletea mambo. Nami nimetabasamu hivyo mara nyingi. Chuo kikuu niliandika kurasa nyingi kueleza kwa nini watu wanaamini wafu hutembea, na nikapewa alama nzuri. Kwa hiyo kama kuna mtu ambaye hakustahili kukutana na jambo hili, ni mimi. Lakini nilikutana nalo, pale Bugembe, saa moja ya jioni imepita kidogo, wakati watu wengine wanakunywa chai yao.

Nianze na woga wangu, maana bila huo woga kisa chenyewe hakipo.

Naogopa boda, hizi pikipiki za abiria. Naishi ng'ambo ya Mafubira, kwenye ile njia ya vumbi jekundu iendayo Budondo. Taksi, yale mabasi madogo, hazifiki huko. Safari yangu yoyote, iwe ya Kampala au ya Mbale, huanza na kuishia juu ya pikipiki, nimemshikilia mtu kiunoni kama mtoto, mimi mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani na tumbo. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu Bugembe si mbali. Lakini niamini, katika mwendo huo mfupi nimetubu dhambi nyingi kuliko msikitini.

Mtu anayeandika makala akiogopa kitu, hukigeuza makala. Nilinunua daftari, nikaandika maswali kumi na mawili, nikawa nazunguka kwenye steji, vituo vya boda, za Bugembe na Mafubira kuwauliza abiria kama wanajisikia salama. Mama mmoja mwenye kuku wawili mkononi aliniambia, "Salama? Mimi nakaa upande. Nikiona piki inaanguka, naruka." Kijana wa benki alisema mwendo haumsumbui, kinachomsumbua ni breki. Msichana wa chuo cha uuguzi alinijibu polepole, "Mchana naogopa ajali. Jioni naogopa yeye." Na karibu wote walikubaliana katika jambo moja: hawavai helmeti ya abiria. Nani ajue kichwa gani kilitangulia humo, kilikuwa na chawa, kilikuwa na jasho, au kilikuwa kimefanyiwa dawa?

Niliyaandika yote. Maswali yangu yalikuwa mazuri sana, nakumbuka nilivyojisifu. Yote kumi na mawili yalimhusu abiria.

Hapo ndipo nilipompata Asumani. Alikuwa mtu mzima, wa kama miaka arobaini, mwembamba, mwenye jaketi la njano lililopauka, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu hata wenzake wakamwita Gari la Maiti. Siku ya kwanza aliniita afande. Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya askari; mtu akisikia kimenyooka humwangalia mwenye nacho mikono, kama ana bunduki. Nilimweleza kwamba nimezaliwa Mbale, kwenye mtaa wa Waislamu, Kiswahili tumekinyonya na maziwa, na sijawahi kushika hata panga. Akacheka.

"Basi nitakuita Mwarimu," akasema. Alikuwa Msoga wa Budondo, na ulimi wake ulibadilisha L na R upendavyo. Nikaitwa hivyo tangu siku ile.

Asumani hakuwahi kunipandishia mtu wa tatu. Hakushika simu akiendesha. Kwenye makutano ya Mafubira alisimama kabisa na kuweka mguu chini, huku wengine wakitupita na kututukana. Nikamfanya boda wangu, kama watu wa hapa wanavyosema, na nikamwomba jambo moja: aninunulie helmeti ya peke yangu, asimvishe mtu mwingine yeyote. Alinunua nyeusi. Nikaichukua nyumbani, na kwa rangi ya kucha ya binti yangu nikaiwekea alama nyuma, nukta tatu nyekundu, ili isije ikabadilishwa na nyingine.

Mwenyekiti wa steji, Waiswa, mtu mkubwa wa sauti, alituona siku moja nikiikagua ndani kwa tochi ya simu.

"Mwalimu, unatafuta nini? Chawa au mchawi?"

"Vyote viwili," nikamjibu.

"Na huyu Gari la Maiti amekuwa mfanyakazi wa nyumbani kwako!"

Steji nzima ilicheka. Asumani hakupenda. Tangu hapo akawa anaificha helmeti yangu kwenye mfuko wa plastiki, chini ya kiti, na kuitoa tukishaondoka. Tulikubaliana iwe siri yetu. Hata mkewe hakumwambia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Jambo jingine la kukumbuka. Mkewe, Zaituni, mama wa mtoto wao Hakimu, alikuwa amemwapisha asifanye kazi baada ya Maghrib. Alikuwa amezika kaka yake aliyekufa kwa ajali ya usiku, na hakutaka kuzika tena. Asumani aliniambia mwenyewe. "Mimi Maghrib niko nyumbani, Mwarimu. Nilimwapia mama Hakimu." Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Alhamisi moja nilialikwa Mbale kuzungumza na walimu. Juu ya nini? Juu ya usalama wa abiria. Asumani alinipeleka Bugembe asubuhi. Nilipokuwa nashuka nilimwonyesha mahali mbele ya steji, karibu na kalavati, ambapo taksi za kutoka Mbale hupenda kumwaga watu.

"Nitarudi saa moja jioni. Nisubiri hapa."

Alisita. "Saa moja ni Maghrib."

"Leo tu. Saa moja na nusu utakuwa kwako. Unataka nipande na mtu nisiyemjua, gizani?"

Akaangalia chini, akakwaruza tope kwenye tairi la piki. "Sawa. Lakini wewe usichelewe."

"Usiondoke mpaka unione," nikamwambia, nikicheka kidogo, kama mtu anayejua kwamba anabembeleza.

"Siondoki."

Mbale nilizungumza vizuri. Usinicheke. Nilisoma majibu ya yule mama wa kuku, ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Nikasoma ya yule msichana wa uuguzi, wakanyamaza. Walinipigia makofi. Baadaye walinikaribisha chakula, na dada yangu anayeishi huko akaja kunichukua, akasema ameshapika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, nani angesafiri na kuyaacha malewa? Nikalala Mbale, na kesho yake pia.

Simu yangu ilikuwa na chaji. Mtandao ulikuwepo. Ningependa sana kukuambia vinginevyo. Saa mbili kasoro ililia, nikaona jina la Asumani, na mwalimu mmoja alikuwa katikati ya kunisifu. Niliilaza simu kifudifudi kando ya sahani. Nitampigia baadaye, nikasema moyoni. Ataelewa. Nilipokumbuka tena ilikuwa Ijumaa mchana, nikaona ni aibu kumpigia kwa jambo lililokwisha pita. Jumamosi nikiwa njiani kurudi nilimpigia. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Taksi ilinishusha Bugembe ile Jumamosi saa moja na dakika chache. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha na umeme umekatika. Steji ilikuwa tupu. Unaijua steji ya Bugembe? Ukishuka tu, mikono sita inagombea begi lako. Siku hiyo hapakuwa na hata piki moja, kiti cha Waiswa kilikuwa kimegeuzwa miguu juu. Nilisimama na begi langu, matrela yakinipita na kunirushia maji, na woga wote wa daftari langu ukanijia, swali baada ya swali.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa karibu na kalavati, mahali pale pale nilipomwonyesha. Amekaa juu ya piki, mguu mmoja chini, helmeti yangu ameipakata.

Wewe ungefanya nini? Ungefurahi. Mimi karibu nimkumbatie.

"Asumani! Wenzako wote wameenda wapi?"

"Wako kwangu, nyumbani."

"Kuna shughuli?"

"Iko."

Nikadhani ni akika, maana mkewe alikuwa amejifungua si zamani. "Sasa wewe mwenye shughuli unafanya nini huku?"

"Uliniambia ningoje."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha saa. Nilianza kuomba radhi, nikataja walimu, nikataja dada yangu, nikakaribia kutaja malewa. Alininyooshea helmeti tu. Niliivaa, na kwa mara ya kwanza sikuikagua ndani.

Tukaondoka. Niamini ninapokuambia kwamba sijawahi kupakiwa vizuri hivyo. Kwenye makutano ya Mafubira alisimama, akaweka mguu chini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, ingawa barabara ilikuwa tupu kama uwanja wa shule siku ya Jumapili. Ile njia ya Budondo ina mashimo ninayoyajua kwa uti wa mgongo wangu, shimo kwa shimo. Hakuna lililotutikisa. Kichwani nikawa napitia maswali yangu kumi na mawili na kumpa alama, na kila swali alipata alama zote. Leo najiuliza nilikuwa mjinga kiasi gani. Taa ya mbele ilikuwa inawaka, lakini sikuona matone ya mvua ndani ya mwanga wake. Mbwa wa mwenye duka la unga, anayefukuza kila pikipiki tangu alipozaliwa, alitoka mbio, akafika ukingoni mwa barabara, akaketi. Na nilipomshika Asumani begani ili nisogee, jaketi lake lilikuwa kavu. Mimi nilikuwa nachuruzika maji. Yeye alikuwa mkavu, na baridi yake ilikuwa kama ya mtungi wa maji asubuhi.

Unajua akili iliyosoma inafanyaje? Inaeleza. Nilisema, jaketi la plastiki, maji hayakai. Nikaridhika.

Tulipokuwa tunapita katikati ya mashamba ya miwa nilihisi lazima niseme kitu, kwa sababu ya ile Alhamisi. Nikamuuliza swali ambalo halikuwa daftarini.

"Asumani, na wewe je? Ukiwa barabarani unajisikia salama?"

Alinijibu tulipokwisha pita miwa yote.

"Sasa, ndiyo," akasema.

Halafu akaniita. "Mwarimu."

"Naam."

"Ukimwona mama Hakimu, mwambie ni wewe nilikuwa nangoja."

"Mmegombana? Kwa sababu ya kuchelewa kwako Alhamisi?"

"Mwambie mbele ya watu."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. "Kwani mimi ni kadhi, Asumani?"

Alinishusha mlangoni, akageuza piki. Nikainama kutafuta ufunguo kwenye begi, nikainuka, njia ilikuwa tupu pande zote mbili. Helmeti ilikuwa bado kichwani mwangu.

Mke wangu, Rehema, alinifungulia akiwa na mshumaa. "Umekuja na miguu kwenye mvua yote hii?"

"Nimeletwa na Asumani."

"Sijasikia piki." Kisha akausogeza mshumaa. "Na hiyo helmeti umeitoa wapi, mbona imepasuka?"

Niliivua. Ilikuwa imepasuka kutoka sikio la kushoto hadi kisogoni, kipande cha upana wa kiganja hakipo, na ndani tope lilikuwa limekauka. Nukta tatu nyekundu zilikuwa mahali pake. Ungeivaa helmeti kama hiyo usijue? Mimi niliivaa. Rehema aliitoa nje kwa ncha za vidole, akaiweka barazani, hakuniuliza tena usiku ule. Nami nililala nikijieleza.

Asubuhi nilitembea kwa miguu hadi Bugembe, helmeti nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki. Waiswa alikuwa peke yake kwenye kiti chake.

"Mwalimu wa usalama! Umepotea. Mbale wamekupa mke?"

"Namtafuta Asumani. Jana alisahau helmeti kwangu."

Uso wake ulibadilika. "Jana?"

Niliitoa mfukoni. Yule mtu mkubwa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Banange. Hii umetoa wapi? Hii nilipeleka mimi, kwa mikono yangu, Ijumaa. Nikampa mke yake."

"Waiswa, sikuelewi."

"Mwalimu, Asumani tulizika Ijumaa."

Aliniketisha chini. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Alhamisi jioni Asumani alikataa abiria. Watatu, wanne, Waiswa aliwahesabu, wengine walikuwa wa Budondo kabisa, njia ya kwake. Kila mmoja alimwambia, nina mtu. Mvua ilipoanza, wenzake walimwita ajikinge chini ya bati la steji. Alikataa, akasema huyo mtu akishuka asipomwona ataogopa. Alikaa pale kwenye kalavati, kwenye mvua, mpaka saa tatu inakaribia, na trela moja lisilo na taa likahama barabarani, likamgonga. Halikusimama. Helmeti ile alikuwa ameishika kifuani. Simu yake ilipondeka, na piki yenyewe, au kilichobaki, ilikuwa polisi tangu usiku ule. Jana jioni steji nzima ilikuwa Budondo, kwenye dua.

"Alisema mtu gani?" nikauliza.

"Hakutaja." Waiswa alikwepa macho yangu. "Lakini watu wana midomo. Mwanamume amekataa abiria, amevunja kiapo cha mke yake, amekaa kwa mvua, helmeti ya pili mkononi. Na hiyo rangi hapo nyuma. Hiyo ni rangi ya kucha, Mwalimu. Mke yake hapaki, atatawadhaje na rangi inazuia maji? Basi wamesema iko na mwanamke Bugembe. Mama ya marehemu naye amesema. Mbele ya maiti."

"Na wewe umesema?"

Aliinua kile kiti kilichoanguka. "Na mimi nilisema. Nilifikiri ile helmeti yako ulimaliza kuichukua kwako, sikuiona tena."

Sasa nikuambie jambo ambalo sijapenda kuliandika mpaka leo. Nilipokuwa nimekaa pale chini, kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa Asumani, wala mkewe. Nilifikiri kwamba hakuna anayejua. Simu ya marehemu ilivunjika. Waiswa anaweza kushuku, lakini hana hakika. Helmeti naweza kuitupa Nile, mto uko karibu. Nitabaki mwandishi mwenye heshima aliyempoteza boda wake, na nitaandika makala nzuri ya majonzi. Fikra hiyo ilikaa nami muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikasikia tena, wazi, mwambie mbele ya watu, nikamwomba Waiswa anipeleke Budondo.

Alinipeleka mwenyewe. Hakwenda mbio.

Zaituni alikuwa ukumbini na wanawake, wamekaa mkekani, mtoto mchanga mapajani mwake. Mama mkwe wake, mama wa Asumani, alikuwa kwenye kona ya mbali, amempa mgongo. Nilimwomba Zaituni tuzungumze nje. Nilichagua nje. Nilisimama naye karibu na jiko, nikamwonyesha helmeti, nikasema, "Hii ni yangu. Mimi ndiye niliyeweka hizo alama, ni rangi ya binti yangu. Alhamisi alikuwa ananingoja mimi. Nilimwambia asiondoke mpaka anione, nikalala Mbale."

Aliitazama helmeti muda mrefu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yamevimba.

"Alikupigia?"

"Alinipigia."

"Hukushika."

"Sikushika."

"Simu yako ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzima."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Asante kwa kusema, Mwalimu," akasema, akageuka kurudi kwa wale wanawake. Nikaona jinsi walivyomwangalia akiingia, na jinsi walivyoacha kuzungumza. Nani angemwamini? Mjane amesema mumewe hakuwa na mwanamke. Wajane wote husema hivyo.

Nikavua viatu, nikaingia nyuma yake. Mahali pa wanawake, bila kuitwa. Nikayasema yote tena, kwa sauti, mama mkwe akinisikia, majirani wakinisikia, Waiswa amesimama mlangoni. Kiapo nilikijua, nikasema. Simu niliiona, nikasema. Nukta tatu niliziweka mimi kwa sababu naogopa chawa. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea watu kucheka nikisema hivyo.

Mama mkwe aligeuka. Alitazama ile helmeti, akanitazama mimi, kisha akamwambia Zaituni, kwa Lusoga, amlete mtoto amshike. Hilo tu. Lakini tangu Ijumaa alikuwa hajamgusa mtoto yule.

Nilipokuwa navaa viatu Zaituni alinifuata. "Helmeti umeitoa wapi? Niliitundika msumarini, ukutani. Jana Maghrib nilitoka kutawadha, niliporudi msumari ulikuwa mtupu. Nilidhani Hakimu ameichukua kuchezea."

Nikamweleza. Nilimweleza yote: kalavati, makutano ya Mafubira, mbwa, miwa. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliuliza swali moja.

"Alikuwa amelowa?"

"Hapana. Alikuwa mkavu kabisa."

Alishusha pumzi ndefu. "Alhamisi walimleta amelowa," akasema. "Maji yalikuwa yanatoka viatuni."

Nilijaribu kumpa helmeti. Hakuipokea. "Alikuletea wewe. Kaa nayo." Na nilipomuuliza kama anaweza kunisamehe, alisema hajui, nije siku ya arobaini. Nilikwenda. Alinipa sahani ya pilau na nyama, akanionyesha mahali pa kukaa, na habari ile hatukuigusa.

Hiyo sasa ni miaka miwili. Makala yangu ya usalama sikuimaliza. Nimejaribu kulieleza jambo lenyewe kwa njia zote nilizofundishwa. Labda mtu aliiba helmeti msumarini, akanikuta Bugembe, akanipakia gizani kwa piki ya kuazima, akajua njia yangu, akajua jina langu. Labda. Mwenye duka la unga ananiambia mbwa wake siku hizi hafukuzi tena pikipiki, amezeeka. Waiswa naye haamini labda zangu. Steji yake ina sheria mpya aliyoitunga mwenyewe: abiria akimweka boda kungoja, lazima amtajie mwenyekiti jina lake na saa ya mwisho ya kungoja, na saa hiyo ikipita, Waiswa humwondoa boda kalavatini hata kwa matusi. Abiria wapya wananung'unika. Mimi hutaja jina langu kabla sijaulizwa.

Helmeti iko rafuni, kati ya vitabu vyangu. Rehema hapapangusi hapo. Nikipanda boda huvaa yoyote ninayopewa, bila kuangalia ndani. Bado naogopa, lakini woga wenyewe umegeuka: nikimshika mtu begani huwa nasikiliza kama jaketi lake ni la baridi au la moto, na likiwa la moto namuuliza jina lake na nani anamngoja nyumbani. Wengine hudhani nawatania. Na kwenye simu yangu, chini kabisa, bado kuna simu moja ya Asumani ambayo sikuipokea. Siku yangu ikinishinda huifungua na kuitazama.

Si lazima uniamini habari ya kalavati. Lakini jiulize, wewe unayesoma hapa umekaa vizuri: leo umemwambia nani akungoje? Fundi, boda, mtoto kwenye lango la shule, mama yako aliyekuwekea chakula? Mtu huyo amesimama mahali kwa neno lako, na pengine mvua imeanza. Weka karatasi hii chini. Mpigie.